Kiatu Kwenye Mfuko wa Brashi

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na jiwe, nalo limeegemea ukuta wa kinyozi, mahali ambapo jua la saa nane halifiki. Mzee Breki, dereva wa lori aliyestaafu, hukaa upande wa jiwe kwa sababu ya uzito wake. Spika, ambaye kazi yake ni kupita mitaani na kipaza sauti akitangaza bidhaa za watu, hukaa katikati ili asikike kotekote. Birika, muuza kahawa, hana kiti. Ndoo yake humtosha. Siku hiyo aliyekuja wa mwisho alikuwa Brashi, fundi rangi. Alikuwa amemaliza kupaka ukuta wa watu tabaka la kwanza, na kama kawaida yake alikuja kijiweni kungoja rangi ikauke. Hakusalimia mtu. Alifungua mfuko wake wa kazi, akatoa viatu viwili vidogo vyeusi, akavibwaga katikati ya vikombe.

— Nimedhalilishwa!

— Na viatu? Mzee Breki akauliza.

— Na mke wangu! Niko juu ya ngazi, mwenye nyumba yuko chini ananitazama. Natia mkono mfukoni nichukue brashi, natoa kiatu cha mtoto! Yule bwana kacheka mpaka kajishikiza ukutani. Ukuta mbichi! Nimerudia kupaka pale alipoacha kiganja chake.

Spika akakiokota kimoja, akakigonga kwenye benchi. Ko, ko, ko.

— Hiki ni kiatu au nyundo?

— Ni kiatu cha maana! Soli ngumu, ngozi, kamba mpaka juu. Siku mke wangu aliponiambia mtoto kaachia kitanda, kapiga hatua, mimi kesho yake nilikuwa dukani kabla hawajafungua. Muuzaji kanikazia macho: "Bila soli ngumu, kifundo kinalegea, binti yako atatembea kama bata." Bata! Nikachukua vilivyozidi namba mbili, akue navyo.

— Hapo ulitumia akili, Mzee Breki akasema.

— Sasa sikia. Tukajaza pamba mbele, tukamvisha. Kasimama. Kainua mguu, mguu umekuja, kiatu kimebaki! Kaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka. Na tangu siku hiyo hataki kusimama. Ukimnyanyua anakunja miguu. Anatambaa, kama vile hajawahi kusimama duniani!

Hapo sauti ya Brashi ilipungua kidogo. Hasira aliijua namna ya kuibeba, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kilichomnyima usingizi: vipi kama binti yake hatasimama tena, na aliyemlaza chini ni baba yake?

— Halafu leo mama yake anavitupa mfukoni mwangu bila hata kunisemesha! akamalizia, sauti ikipanda tena. Kama takataka!

— Kosa si la kiatu, Mzee Breki akasema. Gari jipya linataka tairi gumu. Kosa ni kwamba mbele hakuna mzigo. Lori tupu likipanda mlima, pua inacheza. Toa pamba, tia mchanga. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Mtoto wangu si samaki!

— Mguu wake je? Si mbichi?

Birika akatikisa kichwa huku akimimina.

— Nyote mmepotea. Mtoto haanzi na viatu. Akili ya mtu huingia kupitia nyayo, inapanda taratibu mpaka kichwani. Ukiziba nyayo mapema, akili inaishia magotini. Mwache atambae. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Atambae mpaka lini?

— Mpaka akichoka. Hata akienda shule anatambaa, kuna ubaya gani?

— Wewe Birika ulivishwa ukiwa na umri gani? Spika akamuuliza. Naona yako iliishia kiunoni.

Wakacheka, isipokuwa Brashi. Spika naye akasimama, akajikohoza kana kwamba ameshika kipaza sauti.

— Jamani, hamjiulizi? Kiatu kinamwangusha mtoto. Mtoto anapasuka mdomo. Unakimbilia wapi? Kununua dawa ya kidonda. Kisha unanunua kiatu kingine. Nawaambieni, wenye viatu na wenye dawa ni watu walewale! Wanakaa meza moja, wanapanga mtoto gani aanguke leo! Na wahenga waliliona mapema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mtoto ni mgeni duniani. Na hii hapa nini?

Akainua kiatu, kamba zikining'inia. Mzee Breki alitazama zile kamba kwa muda, akakubali kwa kichwa.

— Hilo zito, akasema.

— Basi twende! Brashi akaruka. Twende dukani sasa hivi, wote! Spika, lete mashine yako. Namtaka yule muuzaji aniambie mbele za watu: binti yangu ni bata?

— Twende! Namtangaza mtaa mzima!

— Ngojeni ninywe, kahawa haikimbii, Mzee Breki akasema.

Mlangoni kwa kinyozi alikuwa amesimama dada mmoja, mgeni pale, akisubiri mwanawe anyolewe. Muda wote huo alikuwa akisikiliza.

— Samahani, kaka. Bila viatu, anatembeaje?

— Nani?

— Huyo mtoto. Kabla hujamvisha. Anatanguliza vidole au kisigino? Anashika ukuta, au ananyoosha mikono?

Brashi akakitazama kiatu mkononi mwa Spika. Maneno ya muuzaji aliyajua yote. Kuanguka kwenyewe alikuona, jioni ile alipowahi kurudi ili amvishe. Lakini zile hatua zilizomfurahisha alihadithiwa tu. Kila asubuhi alipotoka, mtoto alikuwa bado kajifunika; kila usiku aliporudi, keshalala. Na saa hii ya kungoja rangi ikauke, siku zote aliimalizia hapa benchini, na kwake ni nyuma ya mtaa wa pili tu.

Akamgeukia Mzee Breki.

— Wako walitembeaje?

— Mimi nilikuwa safarini.

— Wote sita?

— Lori halilali nyumbani, bwana.

— Spika?

Spika alikaa taratibu, akakirudisha kiatu benchini bila kugonga. Birika aliinamisha chombo chake juu ya kikombe kimoja, kikatoka kitone.

— Imekwisha, akasema.

Brashi alifika kwake jasho linamtoka. Mkewe alishtuka.

— Kuna nini? Umeanguka ngazi?

— Yuko wapi?

Alikuwa sakafuni, kando ya kitanda, peku. Alipomwona baba yake saa ambazo baba haonekani, alishika shuka, akajivuta, akasimama wima.

— Anasimama! Brashi akanong'ona.

— Tangu asubuhi. Vile viatu vilikuwa hapo mbele yake, akiviona tu anakunja miguu. Ndiyo maana nikavitoa ndani, nikavitia mfukoni mwako.

Mtoto akaachia shuka. Alikuja juu ya vidole, tumbo mbele, mikono hewani kama mwizi aliyeambiwa asimame, akicheka kwa mdomo wenye kovu. Akayumba, akakaa chini pu! Brashi alipiga magoti. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini hasira bado ilikuwa inatafuta pa kwenda.

— Kwa vidole! Na mikono juu! Mbona hukuniambia kama anatembea hivi?

Mkewe alimtazama. Hakupandisha sauti hata kidogo.

— Nikuambie saa ngapi, baba yake?