Joyline Nasimiyu na Kitabu cha Wageni

Joyline Nasimiyu Wesonga alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, nyumbani kwake Uthiru, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, mume wake akiwa upande mmoja wa kitanda na binti zake wawili upande wa pili. Waliokuwepo wametajwa kwa sababu marehemu aliagiza watajwe, na kwa sababu katika familia hii jambo la nani alikuwa kando ya kitanda limewahi kusemwa vibaya mbele ya watu.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1978 mjini Webuye, wakati wa kiangazi, ndipo akaitwa Nasimiyu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Wesonga, aliyefanya kazi katika kiwanda cha karatasi, na Mama Priskila Nafula, aliyeshona sare za shule. Kaka yake, Zadock Wesonga, alizaliwa mwaka 1973, na leo ameketi hapa katika safu ya mbele.

Alisoma shule ya msingi Webuye kuanzia 1984 hadi 1991, akaendelea na sekondari ya wasichana Bungoma hadi 1995, kisha akaja Nairobi Januari 1997 kusomea uandishi wa habari katika chuo kimoja katikati ya jiji, akahitimu Novemba 1999. Mwezi Februari 2000 aliajiriwa na gazeti moja kama msahihishaji, na kwa miaka kumi na miwili aliandika ile safu ndogo ya ukurasa wa pili inayoanza kwa maneno "Katika toleo letu la jana tulisema," na wenzake walimtania kwamba siku ya hukumu ataomba kwanza aone tarehe.

Alifunga ndoa na Ephantus Kiragu Jumamosi tarehe 14 Desemba 2002. Ephantus ni fundi wa umeme, aliitwa kutengeneza taa za chumba cha habari, akarudi mara tatu zaidi taa zikiwa nzima. Mungu aliwajalia Wambui mwaka 2004, jina la mama yake Ephantus, na Nafula mwaka 2008, jina la mama yake Joyline, wakaishi Kileleshwa katika nyumba ya kupanga.

Machi 2012 alihamia redioni, akaanzisha kipindi cha Jumapili mchana kilichoitwa "Kitabu na Mwenyewe," ambamo alizungumza na waandishi kuhusu imani, familia na namna ya kubaki mtu katika siku hizi. Swali lake la mwisho lilikuwa moja miaka yote: nyumbani wanakujuaje? Ustadhi Abdulfatah, mwandishi wa kitabu kuhusu mfungo, alicheka hewani akamjibu, "Bi Joyline, ukimuuliza mke wangu atakwambia nikifunga mimi, wanaoteseka ni wao, kwa kelele zangu." Marehemu alisema hilo ndilo jibu alilolipenda kuliko yote, kwa kuwa siku iliyofuata alimpigia mke wa ustadhi, na mke akathibitisha.

Tarehe 6 Machi 2016 Mama Priskila aliletwa Kileleshwa baada ya kupata kiharusi, akakaa kwa Joyline hadi alipofariki tarehe 4 Februari 2017. Kwa miezi hiyo kumi na mmoja Joyline alimwosha kabla ya kwenda kazini, akamgeuza kila baada ya saa mbili usiku na Ephantus wakipokezana, na jioni akamsomea matangazo ya vifo gazetini, maana Mama alisema Zaburi alikuwa nazo zote kichwani, alichotaka kujua ni nani amemtangulia.

Lango la nyumba hizo za Kileleshwa lililindwa na Bwana Ajwang, ambaye hakumruhusu mgeni yeyote kupita bila kuandika jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka. "Mheshimiwa, hata ukija na king'ora, andika," aliwaambia. Kitabu chake kinaonyesha kwamba Zadock Wesonga, ambaye wakati huo aliishi Kilimani, mwendo wa dakika kumi kwa gari, alimtembelea mama yake mara mbili. Mara ya kwanza ni tarehe 8 Mei 2016, akaingia saa tisa na dakika kumi alasiri, akatoka saa tisa na dakika ishirini na nne. Mara ya pili ni tarehe 18 Septemba 2016, akaingia saa tano na dakika tano asubuhi pamoja na mpiga picha, akatoka saa tano na dakika arobaini.

Tarehe 11 Februari 2017, katika mazishi ya Mama huko Webuye, Zadock alisoma historia ya marehemu aliyoiandika mwenyewe, ikasema kwamba mwanawe wa kwanza hakubanduka kando ya kitanda chake, na Joyline akaingizwa kwenye "wengine waliosaidia." Agosti 2019 historia hiyo ilikuwa kitabu, picha ya jalada ikiwa ni ile ya tarehe 18 Septemba, na makanisa mengi ya jiji yakaanza kukitumia katika semina za familia. Joyline alimwandikia kaka yake akimwomba arekebishe ukurasa wa arobaini na moja. Zadock akajibu, "Joy, hiyo ni fasihi, si ripoti ya polisi." Joyline akajibu, "Basi ondoa tarehe."

Tarehe hazikuondolewa. Jumapili tarehe 6 Juni 2021 Zadock alikubali kuwa mgeni wa kipindi, na sehemu hii imenukuliwa kutoka kwenye kanda.

"Kaka Zadock, umeandika kwamba ulimwosha Mama kila asubuhi. Alikuwa akilalia upande gani?"

"Aah, Joy, hayo ni mambo madogo."

"Upande gani, kaka?"

"Wa kulia, nadhani."

"Wa kulia ndio uliopooza, na ulikuwa na kidonda. Hakuulalia hata siku moja. Jioni ulimsomea nini?"

"Zaburi. Kila mtu anajua Mama alipenda Zaburi. Hii mtaikata, sivyo?"

"Tuko hewani, kaka. Tangu saa nane."

Siku tatu baadaye Zadock aliandikia usimamizi wa kituo barua ya malalamiko, akamwita dada yake mgonjwa wa wivu, na tarehe 27 Juni 2021 kipindi kiliondolewa baada ya miaka tisa. Kina mama wa kanisa walimwendea wakamsihi asamehe, naye akawaambia, "Nimeshasamehe, kina mama, hayo ni kati yangu na Mungu. Masahihisho ni ya wasomaji." Mwaka huo familia ilihamia hapa Uthiru, na Bwana Ajwang akamletea kile kitabu cha zamani cha lango, kilipokuwa kinakwenda kutupwa.

Aprili 2025 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo. Tarehe 3 Oktoba Zadock alimtumia ujumbe kwa simu uliosema, "Tunakuombea. Mama angetaka tupatane." Joyline alimwambia Wambui ajibu, "Karibu unisomee matangazo ya vifo." Zadock hakuja.

Tarehe 15 Novemba, katika kikao cha kamati ya mazishi, Zadock alisema ndiye anayefaa kuisoma historia hii, akieleza, "Mimi ndimi mwandishi wa nyumba hii." Ephantus akamwambia, "Shemeji, keti. Imeshaandikwa." Marehemu aliianza mwenyewe mwezi Septemba, familia ikaimalizia, na aliacha maagizo mengine matatu: kaka yake aketishwe mbele, kitabu cha Kileleshwa kiwekwe wazi mezani karibu na jeneza kwenye ukurasa wa tarehe 18 Septemba, na kitabu kipya kiwekwe mlangoni mwa hema hili, kikishikwa na Bwana Ajwang.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Uthiru, na wenzake wa gazetini na redioni. Inamshukuru Bi Fathiya Taib, aliyekuwa jirani wa mlango wa pili Kileleshwa, aliyekaa na Mama Priskila kila Ijumaa alasiri, na ambaye jina lake halimo kitabuni kwa kuwa alivuka ukumbi tu bila kupita langoni, hivyo linasomwa hapa ili lisipotee. Inamshukuru pia Ndugu Zadock Wesonga kwa ziara zake mbili.

Pumzika kwa amani, Nasimiyu. Katika mazishi ya Mama yalisemwa yasiyokuwa, na leo yamesahihishwa.

Kitabu cha leo kinaonyesha kwamba Zadock Wesonga aliingia saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Nafasi ya saa ya kutoka haijajazwa.