Maziwa Hayakuwa na Sumu

Papa na mama wa shirika letu la sala, asanteni kwa kunipa nafasi. Najua wengine mmeshangaa kuniona nimesimama hapa mbele. Mimi ndiye yule anayeinua mkono katikati ya mafundisho na kuuliza, "Nani alisema? Alijuaje?" Mama yangu husema maswali yangu yatanifukuzisha hata mbinguni. Leo siulizi, najibu. Mnivumilie tu, koo langu bado linachoka upesi.

Mnajua nilisoma. Ulibaki mwaka mmoja nimalize biolojia, na kazi yangu ya mwisho nilikuwa nimeshaanza kuiandika, vita ilipofika kwenye kilima chetu. Wazazi wakaacha maharagwe shambani yakiwa yameiva, wakakimbilia hapa Kashuga. Mkawapa nafasi ya kusimamisha hema. Chuo kikaishia hapo kwangu, nami nikashuka Walikale, kwenye machimbo ya Omate, kutafuta dhahabu kama wengine.

Sikupata dhahabu, nilipata moto.

Nawaeleza jinsi nilivyoishi, maana sehemu hii niliificha. Mchana nilibeba mifuko ya mawe kutoka shimoni. Mgongo ulipouma nilimeza vidonge vya maumivu, asubuhi na jioni, tumbo tupu. Chakula kilikuwa mara moja tu, baada ya kazi: bugali kubwa na pilipili, halafu kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Ndiyo, mama, kanyanga. Usiniangalie hivyo. Ukisikia risasi mchana kutwa na hujui kama zinakuja upande wako au zinaondoka, utatafuta kitu cha kukulaza. Tukishakunywa tulilala palepale, tumbo limejaa.

Moto ulianza chini ya mfupa wa kifua. Kila nilipojilaza ulipanda, maji makali yakafika mpaka mdomoni. Kisha kikohozi kikaja, na sauti ikaanza kukwaruza. Mtu mwenye akili angeacha vidonge na kanyanga. Lakini mimi nilikuwa na kitu kibaya kuliko ujinga, nilikuwa na elimu nusu.

Chuoni nilisoma kwamba ndani ya mwili kuna chembe ndogo zilizopungukiwa. Zinamnyang'anya jirani ili zijikamilishe, na jirani aliyenyang'anywa naye anamgeukia mwingine. Wasomi wanaziita radikali huru. Zikizidi, mwili unaungua polepole, kama chuma kinavyoliwa na kutu. Nilisoma pia kwamba kuna vitu vya kuzituliza, vinaitwa antioksidanti, na vitamini C ni mojawapo. Basi nikajiandikia dawa. Kila asubuhi nilikamua ndimu kwenye kikombe, nikatumbukiza kidonge kile cha vitamini kinachotoa povu, nikanywa kabla ya chochote.

Wachimbaji wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. "Profesa! Hiyo dawa yako inakuponesha ao inakuazibu?"

"Inazima moto," niliwajibu, machozi yakinitoka.

Nilinywa hivyo kwa miezi. Siku niliyoshindwa kumeza tonge la bugali, sauti nayo imekauka, nilifunga mfuko wangu na kurudi hapa. Mama yangu alinipita njiani. Hakunitambua.

Hapa Kashuga kitu kimoja tu kiliteremka bila kunichoma, nacho ni maziwa. Mnamkumbuka mama aliyekuwa anayateremsha kutoka milimani, wa familia ya wafugaji. Sitataja jina lake, na hamhitaji nilitaje. Kila asubuhi alisimama kwenye hema letu. Aliniona jinsi nilivyokonda, akaniambia, "Kunywa polepole, kaka. Haina haraka, ngombe haikimbie." Nilipokunywa, kifua kilipoa kwa muda. Kisha moto ulirudi, mara nyingine mkali kuliko mwanzo. Ndivyo maziwa yalivyo kwa ugonjwa huu. Yanatuliza kidogo, halafu tumbo linaamka na kutoa asidi tena. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma. Nilikuwa nalijua.

Jirani zangu hamkulijua, siwalaumu. Mliona kijana anakunywa maziwa, halafu anajikunja. Ndipo baba yangu mdogo aliponileta hapa, kwenye shirika hili, ili niombewe. Mlikuwepo. Aliniweka katikati akasema, "Hii haiko ugonjwa ya hospitali. Muangalie hii shingo. Hii njo karuho."

Sihitaji kuwaeleza karuho. Hakuna hema humu ambalo halijaogopa kwamba mtu ametia ile sumu ya polepole katika kinywaji. Akanigeukia. "Mutoto yangu, unakunywa maziwa ya nani? Ni ile ya yule mama? Kama sauti haiko, fanya na kichwa."

Ndugu zangu, nawaambia mnachopaswa kujua. Kichwa kinaweza kutikisika pande mbili. Ningeweza kukataa. Nilikubali.

Nimejiuliza sababu mara nyingi. Nilikuwa na aibu: ningekataa, mngeniuliza basi ni nini, nami ningetaja kanyanga mbele ya mama yangu. Tena watu wenye bunduki waliotufukuza kwetu walisema wanapigania watu wa mama yule, na ndani yangu kulikuwa na mahali palipofurahi kumwona mmoja wao akishitakiwa. Mimi niliyetilia shaka hata kuwepo kwa shetani, sikutilia shaka uongo ulionifaa.

Kesho yake mlimngoja njiani. Wengine mlirusha mawe, wengine mlitazama. Mimi nilisikia kutoka kwenye mkeka: bidoni yake ya maziwa ikigonga chini, na yeye akiuliza neno moja tu, "Nini? Nini?" Mkono wake wa kushoto ulivunjika. Akaambiwa asipite tena kati ya mahema haya. Hakupita.

Kisha jamaa zangu wakaniletea mtu wa dawa za kutapisha, ili karuho itoke. Nilikunywa. Nilitapika maji, nyongo, mwisho damu. Wanaume wanne wakaniweka kwenye kipoyi, machela ya miti, wakanibeba mpaka Mweso, wakipokezana, wakijificha kila waliposikia bunduki. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu mmoja wao akisema, "Huyu iko mwepesi sawa mutoto," na mwenzake akimnyamazisha.

Hospitalini walinitundikia seramu, wakaniongezea damu. Damu hiyo ilitoka kwa baba yangu mdogo. Baba mdogo, umekaa pale kwenye benchi la nyuma, usiinamishe kichwa. Damu yako inatembea ndani yangu, na bado nasema tulikosea wote wawili.

Muuguzi aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo, mwenye ulimi mkali. Aliniuliza kila nilichomeza Omate. Nikamwandikia kwenye karatasi. Alipofika kwenye ndimu akaishusha karatasi.

"Weye njo ulisoma université?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Na unatia ndimu kwa kidonda? Bibi yangu hakusoma, lakini hangefanya hivyo!"

Nikaandika tena: "Ni karuho?"

Akanirudishia karatasi. "Sijui kilicho mu koo yako, hatuna mashine ya kuingia mule. Naziona dalili za asidi inayopanda, na vidonge vya mugongo vimekuumiza. Tutakupa dawa ya kupunguza asidi. Utaacha pombe, utaacha hivyo vidonge. Utakula mapema, usilale na tumbo yenye kujaa. Tutainua kitanda upande wa kichwa. Ukipona, tutajua. Usipopona, tutatafuta kingine."

Hapo ndipo nilipogeuka. Baba mdogo alijua. Mtu wa dawa alijua. Mimi na ndimu zangu nilijua kuliko wote. Katika miezi ile yote, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia "sijui" kisha akakaa kunitunza.

Nilipokuwa nimelala pale, madaftari yangu ya chuo yalinirudia, safari hii bila kiburi. Asidi inapopanda inajeruhi koo, lakini haichomi peke yake. Mwili unaleta walinzi wake kwenye kidonda, na walinzi hao wanamwaga zile radikali kupigana. Wanapiga adui na nyumba pamoja. Sisi wa Masisi tunahitaji mfano gani zaidi? Mara ngapi wamekuja watu kutulinda, jioni mbuzi wetu wakawa ndani ya sufuria zao? Mwili una wapatanishi wake pia, zile antioksidanti, na chakula kizuri kinausaidia kuwatengeneza. Ila mpatanishi hawezi kazi wakati wewe mwenyewe unaleta risasi kila asubuhi ndani ya kikombe.

Nilimuuliza muuguzi kama mboga za lengalenga na karoti zingeniponya. Akasema, "Hiyo ni chakula, haiko dawa. Kula. Na dawa umeze." Namwamini, kwa sababu hakuahidi zaidi ya alichokiona.

Wiki zikapita. Nikameza uji, kisha ndizi, kisha bugali laini. Moto ukashuka. Sauti ikarudi kidogo kidogo. Nilipoweza kusema sentensi nzima, nilijua niende wapi.

Nilipanda mlimani. Nilimkuta kwenye malisho, na ng'ombe watatu, mkono wa kushoto umeungana vibaya. Nikamwambia yote: kanyanga, vidonge, ndimu, na kwamba nilijua maziwa hayana kosa. Nikaomba msamaha. Hakulia wala hakufoka. Alimaliza kwanza kumfunga ndama.

"Mutoto yangu ya mwisho alishikwa na homa," alisema. "Njia ya kwenda kituo cha afya inapita kwenu. Niliogopa kupita. Nilizunguka juu, kwa pori. Siku mbili. Alifia mu mugongo yangu."

Akaivuta kamba ya ndama kwa mkono wa kulia.

"Ulinishitaki mbele ya watu, kaka. Sasa unakuja kuniomba musamaha mbele ya ngombe. Ngombe itamuambia nani?"

Ndiyo maana nimesimama hapa.

Nawashukuru wanaume wanne wa kipoyi. Namshukuru baba mdogo kwa damu yake, na mama yangu aliyenilisha uji kijiko kwa kijiko, leo akisikia mengi kwa mara ya kwanza. Namshukuru muuguzi wa Mweso. Namshukuru mama wa maziwa, aliyenilisha nilipokuwa siwezi kitu kingine. Shukrani hiyo haimrudishii mtoto.

Kama nina somo, ni dogo. Ukichomwa kifuani, usilale umeshiba, usimeze vidonge tumbo tupu, na usijitapishe. Nenda kwa mtu anayeweza kusema "sijui". Na ukiulizwa mbele ya watu ni nani amekuumiza, kabla kichwa chako hakijasogea, jiulize jibu hilo linamfaa nani.

Nasema sasa kwa sauti, kwa sababu ninayo. Maziwa hayakuwa na sumu. Yule mama hakunifanya kitu ila wema. Mimi nilidanganya, na njia ile mliifunga kwa uongo wangu. Naomba muifungue. Anangoja huko juu, na hatashuka kwa neno langu peke yake, maana neno langu analijua. Atashuka akiona mmoja wenu anapanda kumchukua.

Mimi napanda kesho asubuhi. Nani anakwenda pamoja nami?