Laini Niliyoifungia Sandukuni

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, nami nina miaka sitini na mitatu, nilipoambiwa mbele ya lango la shule kwamba gari langu halionekani.

Nimesimama hapa kwa sababu mwenyekiti ameniomba mara tatu, na mara mbili nilikataa. Wengi wenu katika chama hiki cha kuweka akiba mmenijua tangu nikisukuma mkokoteni. Nilifika darasa la tatu, baba akafa, nikatoka. Kila kitu nilicho nacho nimekitafuta kwa mgongo huu, na sijawahi kumwomba mtu anisomee barua. Nilikuwa najivunia hilo. Ndugu zangu, hapo ndipo ugonjwa ulikuwa.

Nilikuwa na gari la kubeba wanafunzi, viti kumi na vinne. Nilikuwa nawachukua watoto huku Mutuini na njiani, nawafikisha shule moja kule Loresho. Miaka tisa. Hakuna mtoto wangu aliyewahi kukuta lango limefungwa.

Serikali ilipohamisha mambo yake kwenye mtandao, leseni, ukaguzi wa magari na mengine yote, sikubishana. Nilienda kwa bwana mmoja wa saiba, mwenye kibanda cha intaneti pale stejini, nikamwambia anifungulie hiyo akaunti. Akaniuliza, "Mzee, tuweke namba gani?" Mimi nikajiona mwerevu. Nikamwambia namba yangu ya kila siku inajulikana hata na wauza matairi, mambo ya serikali hayawezi kuwekwa hapo. Nikanunua laini mpya ya simu, ya kazi hiyo tu. Neno la siri alilichagua yeye, akaliandika kwenye daftari lake. Nikaitoa ile laini kwenye simu, nikaifunga kwa nailoni, nikaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba na cheti cha ndoa. Nikatia kufuli.

Msicheke. Wewe mama hapo nyuma unacheka kwa sababu na wewe umeifungia yako. Hati ukiifungia inakaa. Ningejuaje kwamba laini inataka kulishwa kama mbuzi?

Miaka miwili ikapita. Siku ya kufungua muhula, msimamizi wa usafiri wa ile shule, mwanamke mpole, akanisimamisha langoni akiwa na kile kioo chao cha kompyuta mkononi.

"Baba, gari yako haionekani kwa sistimu."

"Haionekani? Si hii hapa? Gonga uone."

"Sijasema haiko. Nimesema haionekani. Ukaguzi umepitwa na wakati, na leseni yako iliisha mwezi uliopita."

"Nani amesema imeisha?"

"Serikali. Walikutumia ujumbe, baba."

Watoto walikuwa ndani, wananitazama. Mmoja akamuuliza mwenzake kama nimeshikwa. Yule mama akanipa siku kumi za kurekebisha, gari lisibebe watoto mpaka hapo, na kwa upole wake akanong'ona kwamba kuna mtu mwingine mwenye gari jipya anaingoja hiyo njia.

Nilirudi nyumbani, nikafungua sanduku, nikaweka ile laini kwenye simu. Imekufa. Nikaenda mjini kwenye duka la kampuni ya simu. Msichana wa pale akaangalia, akasema laini ilikaa bila kutumika, ikakatwa, na namba akapewa mtu mwingine.

"Mtu mwingine nani? Hiyo ni namba yangu. Risiti ninayo."

"Ilikuwa yako, mzee wangu."

Nikamtafuta bwana wa saiba. Kibanda chake kilikuwa kimebomolewa kupisha barabara, yeye amerudi kwao na daftari lake, simu haishikiki.

Siku ya tatu nilipanga foleni kwenye ofisi ya serikali pale mjini tangu alfajiri. Nilipofika dirishani jua lilikuwa utosini. Karani akanisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema namba inaweza kubadilishwa, lakini kwanza lazima mtambo utume nambari sita kwa ile namba ya zamani, ndio ujue ni mimi.

"Ni mimi. Kitambulisho ndicho hicho."

"Mimi naona ni wewe. Sistimu ndio haikuoni."

"Sasa nifanye nini?"

"Jaza hii fomu. Ikikubaliwa tutakupigia simu."

"Kwa namba gani?"

Akaangalia kioo chake. "Kwa hii iko kwa akaunti."

Nilicheka peke yangu mpaka askari wa mlangoni akasogea. Halafu nikaitazama ile fomu. Kurasa nne, zote kwa Kiingereza. Karani akauliza, "Unaelewa, mzee?" Nikamwambia naelewa sana, nitaijaza nyumbani nikiwa nimetulia. Nikaikunja, nikaitia kotini, nikatoka. Ndugu zangu, nawaambia, mtu alikuwa mbele yangu, amelipwa kunisaidia, ameniuliza, na mimi nikamdanganya.

Zikafuata siku mbaya kuliko zote nilizopata kuishi, na mimi nimezika watoto wawili. Gari nililifunika turubai ili majirani wadhani liko kwa ukarabati. Wazazi walikuwa wananipigia, "Mzee, kesho unakuja?" nami nasema nakuja, halafu sichukui simu. Kila asubuhi nilikuwa naamka saa kumi na nusu kama kawaida, navaa koti, naketi kitini mwa dereva chini ya turubai, madirisha yamefungwa. Nilikuwa nawaza mambo ambayo mwanamume hayasemi. Nilijiambia nimemaliza, dunia imeshapita na watu wengine. Leo nayasema ili mwingine wenu asikae kwenye kiti hicho peke yake.

Siku ya saba mke wangu aliingia akaketi kiti cha pili. Alikuwa na ile fomu mkononi.

"Mbona hujaijaza?"

"Nitaijaza."

"Unaijaza siku ya nne sasa. Baba watoto, miaka thelathini na minane nimekuwa nikijifanya sijui. Nimechoka kujifanya." Akainyoosha ile fomu gotini, akasema, "Hiyo namba si iko na mtu? Mpigie."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikapiga namba yangu mwenyewe, ikalia. Mwanamke akashika.

"Haloo, nani?"

"Mimi ndiye mwenye hiyo namba unayotumia. Kuna nambari sita zitaingia hapo, unisomee."

"Ala! Asubuhi yote hii? Unapiga ukiwa jela gani?"

"Mimi ni mzee wa Mutuini, nina gari..."

"Na mimi ni malkia. Tafuta mjinga mwingine." Akakata, akanifungia nisimpigie tena.

Hakukosea. Sote tumefundishwa kwamba anayekuomba zile nambari ni mwizi, na wengi wao hupiga wakiwa gerezani. Nami niliziomba kwa amri, kama naongea na utingo. Mke wangu akachukua simu yake, akapiga. Hakutaja serikali wala gari. Alisikia wanawake wanaongea nyuma, na mashine ya kukausha nywele inalia, akasema kwa sauti tamu, "Mrembo, nimesikia unasuka vizuri, uko pande gani?" Akajibiwa Kenyatta Market, mstari wa nyuma ya wachoma nyama, njoo kesho saa nne. Mimi mwenyewe nilimwogopa mke wangu siku hiyo.

Tukaenda. Mkijua lile soko, mnajua wasusi wanavyokuvuta. "Baba, kuja tukusuke!" "Atasukwa nini na upara huo, mpake mafuta tu!" Tukamfikia wetu, mama wa miaka kama arobaini hivi, mikono haitulii. Mke wangu akaketi, akaanza kusukwa. Nilikuwa nimeambiwa ninyamaze. Nilinyamaza mpaka mistari mitatu, nikashindwa. Nikasema, "Mama, mimi ndiye yule wa simu. Leta hizo nambari."

Aliruka. "Wasichana! Mwizi wa simu amenifuata mpaka kazini!" Kufumba na kufumbua nimezungukwa, mmoja ana kitana cha chuma, mwingine ananipiga picha. "Na amevaa koti la kanisa!" "Wazee wa siku hizi!" Mke wangu nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, anapiga kelele kwamba ni mume wake.

Ningeweza kuondoka na heshima yangu. Nilikuwa nimeshageuka. Halafu nikafikiria kurudi kwenye kile kiti chini ya turubai, miguu ikakataa.

Nikavua kofia, nikasema kwa sauti, "Sijui kusoma vizuri. Nilifika darasa la tatu. Niliwekewa akaunti na mtu mwingine, laini nikaifungia nikidhani naitunza. Kesho kutwa nanyang'anywa kazi. Sina mahali pengine pa kwenda."

Kitana kikashuka. Yule msusi akafuta mikono, akasema, "Lete kitambulisho." Akafungua simu yake, akatafuta ujumbe mmoja wa zamani, akasoma jina, akatazama kadi, akanitazama usoni. "Kumbe ni wewe! Baba, kuanzia mwaka jana naambiwa leseni yako inaisha. Nimekuwa nikijiuliza, huyu mzee mbona hashtuki?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikalia. Katibu, umeliandika hilo? Kama bado, liandike.

Nikampa simu yangu nikamwambia afanye yote. Akakataa. "Nambari sikusomei, utaziangalia mwenyewe hapa kwa skrini na uziandike mwenyewe." Vidole hivi ni vinene. Mara ya kwanza muda ukaisha. Mara ya pili nikakosea. Mara ya tatu ikakubali, tukaweka namba yangu ya kila siku. Ilipofika kuchagua neno jipya la siri, nikamwambia achague yeye. Akageuza kiti chake akatazama ukuta. "Andika, baba. Mimi sitaki kujua."

Leseni ilitoka. Ukaguzi nao nikapewa tarehe, lakini ilikuwa baada ya zile siku kumi, na shule haikungoja. Njia ya Loresho niliipoteza, sikuipata tena. Muhula mzima nilikaa bila kazi, kisha nikapata shule ndogo huku kwetu.

Namshukuru mke wangu, ambaye sasa ananifundisha kusoma kila jioni na hana huruma. Namshukuru yule msusi, aliyekataa kunionea hata nilipompa nafasi. Nawashukuru ninyi, mlioniona sina cha kuleta na hamkuniondoa kwenye orodha. Na kama kuna mtoto wenu anayetengeneza hiyo mitambo, mwambieni aache mlango mmoja ambapo mtu anaweza kuonekana na mtu. Kwenu wenye umri wangu nasema hivi: serikali haitakuuliza ulifika darasa gani kabla ya kubadilisha njia. Uliza. Aibu yake ni ya dakika tano.

Leo nina gari moja, limekaguliwa. Nina leseni, niliyoifanya upya mwenyewe mwaka huu, kwa saa mbili na nusu. Nina vyumba vinne vya kupangisha, ng'ombe mmoja, laini moja. Nina watoto kumi na mmoja wa kubeba, na wa kwanza anatoka kwao saa kumi na mbili kamili kesho asubuhi.