Risala ya Wafuga Kuku wa Mtaa wa Tamarack kwa Diwani Aliyekuja Kukagua Utitiri

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Milton Oelke. Mwenyekiti wetu, Bwana Gus Rademacher. Majirani mliokuja kwa ajili yetu, na nyinyi mliokuja kwa ajili ya kula pai:

Kuku wa Mtaa wa Tamarack ndio kuku safi kuliko wote katika jimbo zima la Wisconsin. Hawana utitiri hata mmoja. Yaani, tangu Jumanne. Habari za Jumatatu katibu wetu, Ardis Thorsgaard, anayewasomea risala hii, aliombwa asizitaje. Lakini ana miaka sabini na tisa, na amekwishasahau kwamba aliombwa.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu sana. Tunajua kwamba wiki ijayo baraza la mji linapiga kura. Madiwani watatu wanatutaka, watatu hawatutaki, na wa saba ni wewe. Tukishindwa, kuku wote itabidi waondoke mjini kabla ya theluji. Tusifichane: ndiyo sababu ya pai.

HISTORIA

Mwaka jana, mwezi wa tano, mji ulituruhusu kufuga mitetea sita kila nyumba, kwa majaribio, bila jogoo. Tulianza nyumba tatu. Leo tuko kumi na moja. Vifaranga wetu wa kwanza walikuja kwa posta, ndani ya boksi lenye matundu. Mama wa posta alipiga simu alfajiri: "Njooni mchukue watoto wenu, hapa hatusikilizani!"

Tuliwalea katika bafu la Verna Kaminski, chini ya taa ya joto. Wiki sita Verna alikwenda kuoga kwa dada yake. Gus alipojitolea kuwahamishia kwenye gereji yake, Verna alikataa. "Waache hapo hapo, Gus. Tangu Harold wangu afariki, nyumba hii haijapata kelele za maana."

MAFANIKIO

Tangu mwanzo tumepokea vifaranga arobaini na mmoja, tukakuza arobaini. Huyo mmoja Gus alimkanyaga, na mpaka leo hapiti mbele ya nyumba ya Verna bila kuvua kofia.

Kipimajoto tulikiweka kabatini, tukajifunza kuwasoma vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni huku wanahema, wanaungua. Wakitawanyika na kulala ovyo kama walevi wa harusi, basi joto limekaa sawa. Maranda ya kulalia tuliyabadilisha kila yalipolowa, maana unyevu ndio unaoleta kuhara damu. Hakuna kifaranga wetu aliyehara damu. Hata mmoja, Mheshimiwa. Hapa katibu anaomba makofi.

Kila banda lina tairi kuukuu la trekta lililojaa mchanga na majivu, kuku waoge vumbi wapendavyo. Na kila Jumamosi tunapitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Kikitoka cheupe, tunakwenda kunywa kahawa. Kikitoka na michirizi myekundu, utitiri umekwisha kunywa damu usiku kucha.

CHANGAMOTO

Jumatatu, kwa kuwa ulikuwa unakuja, tulipitisha vitambaa upya. Cha Gus kilitoka na michirizi.

"Ni jemu," akasema.

"Jemu bandani, Gus?"

"Ya stroberi."

Hatukumcheka, au hatukumcheka sana. Nyumba zote kumi na moja zilikuja na ndoo. Tulitoa maranda yote, tukakwangua fito, tukamwaga maji yanayochemka katika kila ufa, tukaziba nyufa kwa mafuta ya mgando. Jumanne kitambaa kilitoka cheupe. Wiki ijayo tutarudia, kwa sababu mayai ya utitiri yana subira kuliko sisi.

Changamoto ya pili ni maneno. Katika kikao cha mwezi wa sita, mgeni rasmi, ulisema kuku ni mfuko wa chawa wenye mabawa, na kwamba hujawahi kumshika kuku maishani mwako. Siku hiyo Verna hakula chakula cha mchana.

MAOMBI

Tunaomba kura yako. Mengine tutajifanyia wenyewe.

NYONGEZA KWA PENSELI

Haya yameandikwa sasa hivi, wakati unakunywa kahawa baada ya kukagua banda la Verna.

Mheshimiwa, tulikuona. Ulipenyeza mkono chini ya kifua cha mtetea wake Dorothea, ukambana miguu kati ya vidole, ukampakata kichwa kikiangalia nyuma kwapani. Ukapuliza manyoya chini ya mkia mpaka ngozi ikaonekana. Kisha ukahamia chini ya bawa. Ukasema, kwa sauti ya mtu aliye peke yake, "Chawa hamna. Ila magamba ya mguu yameanza kuinuka. Mpakeni mafuta ya mgando mpaka gotini."

Verna akakuuliza, "Milton, hayo umejifunzia wapi?"

"Nilisoma mahali."

"Na kupuliza nako ulisoma?"

Masikio yako yalijibu. Yaliiva kama kilemba cha jogoo.

Mungu akubariki, aibariki nyumba yako, na ambariki yeyote aliyekulea karibu na banda, nasi hatutauliza ni nani. Tukishamaliza kupiga makofi, tafadhali mweke Dorothea chini taratibu. Umempakata tangu ukurasa wa kwanza.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafuga Kuku, Mtaa wa Tamarack