Uji wa Katekista

Waombolezaji, mimi ni Ignasi, mdogo wa marehemu, yule mnayemwita awachekeshe kwenye harusi zenu, leo nimepewa karatasi ya ukoo niisome, na nitaisoma yote isipokuwa mstari mmoja.

Marehemu Beda alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Milepa, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1980 hadi 1986, akalima mpunga, akasomea ukatekista, na tangu 1994 akatumikia kigango chetu, hata nusu yenu mliopo hapa alikufundisheni Baba Yetu mkiwa bado hamjui kupenga kamasi. Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na shemeji yangu Silvana, wakajaliwa watoto wanne.

Sasa karatasi inasema aliugua homa ya ghafla. Si kweli. Agosti 2023 kaka alianza kukaa kitandani na kiatu kimoja mguuni mpaka saa sita mchana, shemeji akampeleka hospitali mjini Sumbawanga, daktari akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni, akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi baada ya kula, na kufikia Krismasi alikuwa anaimba mpaka mbuzi wanamwitikia.

Kwaresima hii, iliyoanza tarehe 5 Machi, mlimwona anakunywa uji asubuhi, mkamwambia, "Katekista, unatufundisha kufunga na mdomo una uji?", mwingine akaongeza kwamba mwenye imani haugui huzuni, nami, kwa uchu wa kicheko, nikampigia saluti, "Shikamoo, Baba Uji!", mkacheka, naye akacheka. Kesho yake akaacha uji, na kwa kuwa aliambiwa ameze baada ya kula, akaacha na vidonge. Imani alikuwa nayo, tena kutuzidi sote, alichokosa ni kifungua kinywa. Jana Ijumaa, tarehe 11 Aprili 2025, alijitoa uhai, akiwa na miaka 54.

Tunamshukuru daktari, majirani, makatekista wenzake, na ninyi wanajumuiya mlioamka alfajiri kupika uji wa msiba, nimewaona mkiunywa, Kwaresima haijaisha, na hakuna aliyewauliza imani yenu iko wapi. Mimi wangu umenishinda kumeza.

Pumzika kwa amani, kaka Beda, na ukifika kwa Baba, kula kwanza.