Watano Wasiokula Pilau Wala Ugali

Ndani ya basi la Rockville, huku Marekani, Edah, Mkenya mwenye beji ya kutunza wazee, alikuwa amekumbatia kitabu cha mazoezi. Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi ulikuwa asubuhi hiyo hiyo, naye alisoma kwa sauti: "Watu arobaini. Ishirini na watano wanapenda chai, ishirini kahawa, watano hawapendi chochote. Wangapi wanapenda zote mbili?"

"Chai haishibishi, mwanangu," akadakia mama wa Kitanzania aliyeketi kando yake. "Weka pilau na ugali, kama sherehe zetu za ukumbini." Edah akajumlisha. "Auntie, hawa ni arobaini na watano, na ukumbini kuna arobaini! Basi watano wamekula zote." Mama akatikisa kichwa. "Wengine wamepanga foleni zote mbili, kweli. Lakini wale wasiokula umewapeleka wapi? Waliokula ni thelathini na watano tu."

"Ai! Nani anakuja sherehe na hakuli pilau wala ugali?"

"Watoto wetu waliozaliwa huku. Wanasubiri piza."

Waswahili wote wa basi lile, yaani wao wawili na mimi wa kiti cha nyuma, tulicheka. "Mtoto wangu hula ugali," Edah akakaza. "Hula, au huuchezea?" mama akauliza.

Basi likasimama. Edah akashuka, kisha akageuka ghafla, uso umemng'aa. "Ni kumi, auntie! Kumi! Lakini wangu usimhesabu na wale wa piza!"

Mlango ukafungwa. Nilimwombea heri kimoyomoyo, huku nikimfuta binti yangu makaroni mdomoni. Kuhusu ugali, sikuchangia.