Shizue Itakura, Mlishaji wa Mitungi ya Nili (1951–2024)

Marehemu Shizue Itakura alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 mjini Mima, mkoani Tokushima, mtoto wa pili wa Bwana na Bibi Kasahara, wakulima wa figili. Waliomjua utotoni wanasema alikuwa msafi kupita kiasi, akiosha hata mawe ya kuchezea. Tunaitaja sifa hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyokuja kumtia matatani.

Alisoma hapo hapo Mima, kisha akaingia chuo cha ufundi, akahitimu kemia ya rangi za nguo mwaka 1972. Aliajiriwa katika kiwanda cha kitambaa cha jinzi kando ya mto Yoshino. Nili, ile rangi ya buluu ya jinzi, haiyeyuki kwenye maji matupu, hivyo kiwanda kiliiyeyusha kwa unga wa kemikali, na maji yaliyobaki yakaenda mtoni yakinuka mayai viza. Shizue alivaa glavu zake na hakuona ubaya.

Aprili 1976 aliolewa na Masaharu Itakura. Mama mkwe wake, Bi Toyo, alitia nguo rangi kwa njia ya wazee. Mitungi yake minne ilifukiwa ardhini kuzunguka shimo la moto wa pumba za mbao, na ndani yake waliishi vijidudu ambao ndio walioiyeyusha nili. Walilishwa pumba za ngano na pombe ya mchele, na kila asubuhi Bi Toyo aliwanusa kujua kama wameamka salama.

Desemba ikafika, na pamoja nayo usafi mkubwa wa kufunga mwaka. Bi Toyo alikuwa kwa dada yake. Bibi harusi, akitaka kumfurahisha, alimwaga kila kilichokuwemo mitungini, akaisugua kwa maji ya moto na dawa mpaka ikang'aa. Mama mkwe aliporudi aliinama, akanusa, akakaa chini.

"Nani kakutuma uoshe?"

"Mama, ilikuwa inanuka."

"Inanuka! Mwanangu, hiyo ndiyo pumzi yao. Umewaua wote, halafu ukawapangusa!"

Masaharu alijaribu kusema kwamba angalau mitungi inapendeza. Alikula wali wa baridi mpaka mwaka mpya.

Haikuwa mzaha. Bila vijidudu hao Bi Toyo hakuwa na kazi, na kwa baridi ile kila mtungi uliochanganywa upya uligoma kuamka. Shizue alivuka mto kwenda kwa Mzee Ogata, mtia rangi ambaye Bi Toyo alikuwa hasemi naye miaka na miaka, akapiga magoti mpaka paji la uso likagusa sakafu, akaomba ndoo moja ya maji ya mtungi wake, yenye vijidudu hai. Alirudi kwa basi ameikumbatia ndani ya koti isipate baridi. Majira ya kuchipua, povu la buluu likapanda. Bi Toyo hakushukuru. Alimkabidhi mti wa kukorogea tu, akasema, "Kuanzia leo ni wako. Wakifa tena, tusijuane."

Mwaka 1994 Shizue alirudi kwenye kiwanda chake cha zamani na ndoo ya vijidudu wa ukoo ule ule, akaomba ajaribu kuwafundisha kuishi kwenye tangi la chuma, ili ule unga uachwe. Meneja, Bwana Nishikado, alimtania: "Bibi Itakura, wadudu wako wanakunywa kuliko mafundi wangu."

"Lakini Jumatatu wanakuja kazini."

Vitambaa vingi viliharibika, na watu wakacheka. Mwaka 2003 ndipo jora la kwanza lilipotoka bila unga, na tangu hapo mashine moja kati ya tatu inaendeshwa hivyo. Alipoambiwa kwamba ameusafisha mto alikasirika kabisa. "Nimepunguza uchafu tu. Mambo ya kusafisha nilishakoma."

Vuli ya 2016 aliinama kwenye mitungi asubuhi, akanyanyuka akiwa amepauka. Alimwita mwanawe Kohei. "Hawanuki. Mitungi yote minne, hawanuki. Nimewaua tena." Kohei alinusa, akamwambia wananuka kama kawaida. Hakuamini, alidhani anadanganywa kwa huruma. Baadaye daktari alimweleza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na kwamba pua huweza kupoteza uwezo wa kunusa kabla mikono haijaanza kutetemeka. Familia ilikuwa inalia. Yeye alishusha pumzi ndefu. "Ah, kumbe ni mimi. Nilidhani ni wao."

Kwa miaka saba Kohei alikoroga, na mama yake akakaa kwenye kigoda, akiuliza, "Leo vipi?" Alifariki nyumbani tarehe 14 Februari 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mume, Masaharu, mwana, Kohei, mkamwana, Natsuko, ambaye siku ya kwanza kuingia nyumba hii alionywa asiguse mitungi kwa brashi, na wajukuu wawili. Vitambaa vya mkono mlivyopewa mlangoni vilitiwa rangi juzi, katika mitungi ile. Tunaomba radhi kwamba Kohei alichelewa leo na kuja na vidole vya buluu. Ilikuwa zamu yake.

Pumzika, Mama. Wameamka salama, na wameshakula.